Hesabu za mtoto zinaanzia nyumbani, hata kama mzazi hakusoma

Aru – Mwezi uliopita mtoto wa jirani yetu alipigwa kwa sababu ya franka elfu moja.

Mama yake anauza vitunguu sokoni. Siku hiyo alimtuma kwa wabadilishaji wa pesa na shilingi za Uganda 25 000. Bei ya asubuhi kila mtu mtaani aliijua: shilingi 10 000 zilikuwa franka 7 000. Mtoto akarudi na franka 16 500. Mama hakuweza kuipiga hesabu hiyo mpaka mwisho, lakini mkono wake uliozoea pesa ulimwambia kwamba zimepungua. "Zingine umeziweka wapi?" Mtoto akajibu kwamba ndizo alizopewa. Mama hakumwamini. Fimbo ikafuata.

Jioni nilipopita pale nilimkuta mtoto amekaa nyuma ya jikoni, macho mekundu. Nikamwomba mama atuletee punje za mahindi. Kila punje iwe franka elfu moja. Shilingi 10 000 za kwanza, punje saba. Shilingi 10 000 za pili, punje saba tena. Zikabaki 5 000, ambazo ni nusu ya 10 000; basi nusu ya saba, yaani punje tatu na nusu. Tukajumlisha, tukapata kumi na saba na nusu: franka 17 500. Mama akayatazama mahindi, akamtazama mtoto, akanyamaza.

Mtoto akasimulia yote. Mbadilishaji alimwambia "elfu kumi na sita na mia tano", akamhesabia noti, naye akazihesabu tena moja moja mbele yake. Noti zilikuwa kamili kama alivyoambiwa. Kosa lilikuwa hapo: mtoto alihesabu noti, hakuhesabu bei.

Sisemi kwamba wabadilishaji wa pesa ni wezi. Wengi wao ni wazazi kama sisi, na hata yule huenda alikosea tu. Ninachotaka kusema kinamhusu mtoto. Yuko darasa la tano la msingi, na haikosi shule. Nilifungua kaye yake ya hesabu. Ndani yake kuna hesabu ya namna hiyohiyo, ile walimu wanaiita kwa Kifaransa "règle de trois", imeandikwa vizuri, na mwalimu ameweka sahihi yake chini. Mtoto aliinakili kutoka ubaoni. Lakini alipokutana nayo sokoni hakuitambua, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha kwamba ile ya ubaoni na hii ya mkononi ni kitu kimoja.

Kazi hiyo ya kumwonyesha, wasomaji wapenzi, kwa maoni yangu ni yetu sisi wazazi.

"Mimi sikusoma, nitamufundisha nini?"

Nimeuliza wazazi wengi hapa Aru kama wanafanyisha watoto wao hesabu nyumbani. Jibu ninalopata mara nyingi ni hilo. Wengine wanaongeza: "Masomo yenyewe ni ya Kifaransa, na Kifaransa mimi sijui." Wengine: "Mwalimu yuko kwa ajili gani?" Na wengine wanasema ukweli mtupu: wanatoka shambani au sokoni wamechoka, taa hakuna, na wakifika nyumbani wanafikiria chakula kwanza.

Sitaki kumdharau mtu. Lakini tuchukue jibu la kwanza. Mama anayesema hakusoma ni mama yuleyule anayeshika pesa za aina tatu kwa siku moja: franka za Kongo, shilingi za Uganda, na mara nyingine dola. Ananunua gunia Ariwara kwa pesa moja, anauza mafungu hapa kwa pesa nyingine, anarudisha chenji, anajua nani ana deni lake na la kiasi gani, na hakuandika popote. Huyo ni mtu wa hesabu. Hajui jina la kazi anayoifanya, basi. Akimwita mtoto karibu na kusema kwa sauti kile anachokifanya kimya kichwani kila siku, tayari amekuwa mwalimu.

Baba fundi wa baiskeli, baba fundi wa kujenga, kaka wa boda-boda, ni vilevile. Fundi anapima mbao, anajua matofali mangapi yataingia ukutani. Boda-boda anajua lita moja ya mafuta inampeleka wapi na itambakizia nini. Watoto wao wanaona kazi, wanaona pesa, lakini hesabu iliyo katikati hawaioni kwa sababu imefungwa kichwani mwa mzazi.

Nusu dakika kwa mtoto mmoja

Sasa tuje kwa mwalimu. Katiba yetu ya mwaka 2006, ibara ya 43, inasema elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ni bure. Ilichukua miaka mingi mpaka mwaka wa masomo 2019-2020 ndipo bure hiyo ikaanza kutekelezwa kweli. Watoto waliokuwa wamekaa nyumbani kwa kukosa pesa ya shule wakaingia darasani. Lilikuwa jambo jema, na nitalitetea mbele ya yeyote. Lakini benchi hazikuongezeka kwa mwendo huo, wala walimu, wala vyumba. Na kwetu Ituri kuna jambo lingine: vita vya Djugu na kwingineko vimehamisha familia nyingi, na hapa kwenye wilaya yetu ya Aru tumepokea pia wakimbizi kutoka Sudani Kusini, kama wale wa Biringi. Watoto wao nao ni watoto wa kufundishwa.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme darasa lina watoto 60 na somo la hesabu ni la dakika 30. Mwalimu akisema leo nitamsikiliza kila mtoto peke yake, kila mmoja atapata nusu dakika. Na hapo bado hajafundisha neno, hajaandika ubaoni, hajamnyamazisha mtu. Kwa nusu dakika mtoto anaweza kusema jibu. Hawezi kueleza amelipataje.

Nyumbani, dakika kumi na mtoto mmoja ni mara ishirini ya hiyo nusu dakika. Mzazi aliyechoka, mwenye dakika kumi tu kabla ya ugali kuiva, anampa mtoto wake kitu ambacho mwalimu bora wa jimbo hawezi kumpa katika darasa lililojaa.

Kusema hivyo si kuiachilia serikali. Mwalimu asiyelipwa vizuri anagoma, na akigoma anayepoteza ni mtoto. Tuendelee kudai mishahara, vyumba na vitabu, bila kuchoka. Lakini mtoto wa darasa la tano hatasubiri madai yetu yajibiwe. Mwaka kesho atakuwa la sita, na mwisho wake kuna mtihani wa taifa, ule tuliouzoea kwa jina la TENAFEP na ambao siku hizi unaitwa ENAFEP, na hesabu zimo. Baada ya hapo anaingia darasa la saba, na huko hakuna atakayerudi nyuma kumfundisha kuzidisha.

Wakati wa Covid-19 tuliliona hili waziwazi sisi watu wa mpakani. Shule za Kongo zilifungwa Machi 2020. Ng'ambo, kwa wenzetu wa Uganda, watoto wengi walikaa nje ya darasa karibu miaka miwili, mpaka Januari 2022. Familia za hapa zilizokuwa zimepeleka watoto kusoma Arua zilikuwa nao nyumbani muda wote huo. Wakati ule nyumba ndiyo ilikuwa shule. Palipokuwa na mtu wa kuuliza mtoto swali, hata moja kwa siku, mtoto aliendelea. Pasipokuwa na mtu, alisahau.

Kumi ni kumi kwa kila lugha

Tuje kwenye Kifaransa. Ni kweli kwamba kwetu lugha ni nyingi. Kumi, Mlugbara anasema "mudri", Mwalur anasema "apar", kwa Lingala ni "zomi", na shuleni mtoto anaambiwa "dix". Mzazi anaogopa kumchanganya mtoto. Lakini vidole havina lugha. Mtoto anayejua kwamba saba na nane ni kumi na tano kwa lugha ya koko yake anaijua hesabu yenyewe. Kinachobaki ni kujifunza jina lake la Kifaransa, na hilo mwalimu atampa.

Tena mara nyingine lugha zetu zinasaidia kuliko Kifaransa. Mtoto akisikia "onze", "douze", "treize", hasikii kumi popote ndani yake. Akisikia "kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu", anasikia kumi, halafu anasikia kilichoongezwa. Na Kiswahili chetu cha Kongo kina uzuri wake. Wenzetu wa pwani wanasema ishirini na tano. Sisi wengi tunasema makumi mbili na tano. Wengine wanatucheka kwa hilo. Lakini angalia: "makumi mbili na tano" ni hesabu iliyo wazi, kumi mara mbili na juu yake tano. Mtoto anayehesabu hivyo tayari ameelewa nafasi ya makumi na nafasi ya mamoja, jambo ambalo mwalimu anahangaika nalo ubaoni. Kwa hiyo usione haya. Hesabu na mtoto wako kwa lugha unayoota nayo.

Mfupa wa Ishango

Na wanaosema hawana vitabu nyumbani, ningependa wajue habari ya Ishango. Ni mahali pale ambapo mto Semliki unatoka Ziwa Edward, katika jimbo la Kivu ya Kaskazini, mto huohuo unaoshuka mpaka Ziwa Albert kwetu Ituri. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua hapo mfupa mdogo wenye mikato iliyopangwa kwa mafungu, katika safu tatu. Wataalamu wanaukadiria kuwa na umri wa miaka 20 000 hivi. Ukihesabu mikato ya safu moja unapata 60, ya pili 60, ya tatu 48. Wataalamu wanabishana mpaka leo kuhusu maana yake: wengine wanasema ni hesabu ya mwezi, wengine mchezo wa namba, wengine kumbukumbu tu. Mfupa wenyewe uko Bruseli, katika jumba la makumbusho.

Mimi najifunza jambo moja. Mtu wa hapa kwetu, bila kaye, bila biki, bila ubao, alikaa chini akapanga idadi kwa mafungu ili asisahau. Nasi tuna mahindi, tuna kunde, tuna vizibo vya chupa na ardhi ya kuchora kwa kijiti. Vifaa vipo.

Dakika kumi zenyewe

Haya ni mambo ninayojaribu nyumbani kwangu na kwa majirani. Mtu achukue linalomfaa.

Kwa mtoto mdogo, wa darasa la kwanza na la pili: mwagia kunde mezani, apange mafungu ya kumikumi, aseme ziko ngapi. Kisha ondoa chache umefumba mkono, umwulize ulichukua ngapi. Hiyo ni kutoa, na ni mchezo anaoupenda.

Kwa wa darasa la tatu na la nne: tumia maji. Bidoni moja ni lita 20. Nyumba inatumia bidoni tatu kwa siku. Kwa juma ni bidoni ngapi? Lita ngapi? Atafika kwenye bidoni 21 na lita 420 mwenyewe, akishindwa mchoree bidoni ardhini. Au nyanya: mafungu kumi na mawili, kila fungu nyanya tano.

Kwa wa darasa la tano na la sita: mpe biashara nzima. Tuseme bidoni ya mafuta ya mawese ya lita 20 imenunuliwa franka 60 000, na inauzwa kwa chupa za nusu lita, kila chupa 1 800. Chupa ziko ngapi? Arobaini. Zitaleta ngapi? 72 000. Faida? Mtoto atasema 12 000 na atafurahi. Hapo mwulize: "Na boda-boda aliyeibeba, nilimlipa 5 000, umemsahau?" Faida imebaki 7 000. Hapo si mtoto peke yake aliyejifunza. Najua wauzaji wanaotembea mwaka mzima wakifikiri wanapata faida ambayo boda-boda ameshaichukua.

Na kwa wote, swali moja ambalo halihitaji mzazi kujua jibu: "Umejuaje?" Mtoto akisema thelathini na sita, mwulize umejuaje. Akieleza, utaona mwenyewe kama anajua au anabahatisha. Mzazi ambaye hajui kuandika jina lake anaweza kuuliza swali hilo na kusikiliza.

Huko Kenya, Tanzania na Uganda, tangu mwaka 2009, kulianzishwa kazi iliyopewa jina la Kiswahili, Uwezo. Watu wa kujitolea walienda nyumba kwa nyumba na kuwapima watoto kusoma na kuhesabu, palepale nyumbani. Waligundua kwamba watoto wengi wa darasa la tatu walikuwa wakishindwa kazi ya darasa la pili, ilhali wanaenda shule kila siku. Walichopewa watoto hao kilikuwa karatasi yenye hesabu ndogondogo tu. Hakuna kinachomzuia mzazi wa Aru kufanya hivyo jioni ya leo, bila kumsubiri mtu wa kuja na karatasi.

Mambo matatu ya kuepuka

Kwanza, fimbo. Mtoto anayepigwa akikosea hesabu hajifunzi hesabu, anajifunza kuficha. Atanakili jibu la mwenzake, atasema ameelewa wakati hajaelewa. Akikosea, mrudishe kwenye mahindi.

Pili, kugeuza soko kuwa shule. Nimesema sokoni kuna hesabu, sikusema mtoto aache darasa akauze. Mpaka huu unavuta watoto. Pesa ya siku ni tamu, na mvulana wa miaka kumi na miwili anayejua kubadilisha shilingi anajiona amemaliza masomo. Hajamaliza. Anajua bei ya leo tu. Shule ndiyo itakayompa hesabu za siku ambayo bei itabadilika na biashara pamoja nayo.

Tatu, kuwasahau wasichana. Katika nyumba nyingi jioni ikifika kaka anakaa na kaye yake, na yaya anaosha sahani. Dakika kumi hizo ni za wote wawili. Kaka aoshe sahani nusu, yaya ahesabu nusu. Kesho huyo msichana ndiye atakayeshika pesa za nyumba, na wanaotaka kumpunja watakuwa wengi.

Mama wa vitunguu hakumwomba mtoto wake msamaha kwa maneno. Kwetu wazazi ni wagumu kwa hilo. Lakini siku iliyofuata, kabla ya kumtuma tena, alimketisha na kumwuliza: "Leo wanasema 10 000 ni 7 200. Nakupa 15 000. Utarudi na ngapi?" Mtoto alichukua muda mrefu. Alichora ardhini, akafuta, akachora tena. Akasema 10 800. Mama alinitazama nikiwa naenda zangu kazini, nikamwitikia kwa kichwa.

Mpaka leo akifika saba mara nane anakwama. Lakini siku hizi, kabla hajapokea noti, anasema kwanza ni ngapi zinapaswa kuwa. Jioni hii, mzazi msomaji, kabla ya kulala, muulize wako swali moja.